Ruzuku Ndogo, Lawama Kubwa

Kikundi cha kina mama kinaomba fedha za kuzibua mtaro unaofurika kila masika. Vijana wa pwani wanaomba kitalu cha mikoko na siku chache za mafunzo ya uongozi. Majibu yanayowasubiri ni yale yale: hela yenyewe haitoshi, hela yenyewe italiwa, mafunzo ni posho tu, mfadhili akiondoka kila kitu kitakufa. Maneno haya yamezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeyadai ushahidi tena. Yanasemwa kwenye ofisi za halmashauri, yanasemwa redioni, na mara nyingi yanasemwa na watu wenye nia njema walioona mradi mmoja ukiharibika kwao, wakaihukumu miradi yote kwa huo mmoja.

Nataka kuyajibu moja moja. Baadhi yana ukweli ndani yake, na ukweli huo nitaukubali panapostahili. Lakini yakiachwa yapite bila kujibiwa, wanaoumia ni vikundi vinavyojua kutumia fedha vizuri, kwa sababu ndivyo vinavyonyimwa pamoja na vile visivyojua.

Ninaposema ruzuku ndogo nina maana ya fedha isiyorejeshwa, inayopewa kikundi cha wananchi kwa kazi ya manufaa ya wengi: kisima, choo cha shule, hifadhi ya msitu, usafi wa mtaa. Kiasi chake kinaweza kuwa laki chache, kinaweza kufika makumi ya mamilioni ya shilingi za Tanzania. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, kwa miaka mingi ilikuwa na ukomo wa dola 50,000 kwa mradi, na miradi mingi ilipata chini ya hapo.

“Hela ni kidogo mno, haiwezi kubadilisha kitu”

Mwaka 1977 Wangari Maathai, akiwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, alianzisha kazi iliyokuja kuwa Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini walikuwa wakitembea mbali kutafuta kuni, vijito vilikuwa vikikauka na udongo ukisombwa na mvua. Alichowapa si mradi wa mabilioni. Kila mwanamke alilipwa kama senti nne za Marekani kwa mche, na malipo yalikuwa ya mche ulioshika na kuishi. Mche uliopandwa ukafa haukulipiwa.

Hapo ndipo fedha ndogo ilipoonyesha nguvu yake. Kwa kuwa malipo yalifuata uhai wa mche, mwanamke alikuwa na sababu ya kuumwagilia, kuulinda dhidi ya mbuzi, na kurudi kuutazama. Wataalamu wa misitu walidai kwamba kupanda miti ni kazi ya waliosomea. Kina mama wakajifunza kwa kutazama mbegu zinavyodondoka na kuota zenyewe, wakapandikiza, wakafundishana, hata wakaitwa mabwana misitu wasio na diploma. Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti iliyokuwa imepandwa ilizidi milioni 30.

Mfano wa pili uko Kuruwitu, Kilifi. Baada ya samaki kupungua mwaka hadi mwaka na matumbawe kuharibika, wavuvi wenyewe walikubaliana, yapata 2005, kufunga eneo la bahari la ekari zipatazo 70 lisivuliwe kabisa. Fikiria maana yake kwa mtu anayekula kwa nyavu zake: anaambiwa aache sehemu ya bahari aliyovua baba yake, kwa ahadi kwamba samaki watarudi. Gharama kubwa pale ilikuwa makubaliano. Ilibidi watu wakae vikao, wabishane, waamue nani atafanya doria na anayekamatwa afanyweje. Fedha ilihitajika kwa vitu vya kawaida tu, na hakuna kiasi cha fedha ambacho kingenunua makubaliano yale. Samaki walirudi, matumbawe yakaanza kupona, na mwaka 2017 chama chao kilipata Tuzo ya Equator ya UNDP.

Mwaka huo huo tuzo hiyo ilikwenda pia kwa Mikoko Pamoja ya Gazi na Makongeni, Kwale. Hawa wanalinda hekta 117 za mikoko na tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wao. Hiyo si ruzuku, ni mauzo, lakini naitaja kwa sababu ya ukubwa wa fedha: katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa dola elfu kumi na kitu tu kwa mwaka. Kwa kiasi hicho wanakijiji walivuta maji na kununua vitabu vya shule, na matumizi yaliamuliwa kwenye baraza. Mtu wa wizarani anaweza kuiona fedha hiyo kama chenji. Mtoto wa Makongeni anayechota maji karibu na nyumbani haioni hivyo.

“Hela italiwa”

Hili ndilo dai zito kuliko yote, na anayelikataa moja kwa moja hasemi kweli. Fedha za vikundi zimeliwa, tena mara nyingi. Tunazijua asasi za mfukoni, ambazo ofisi yake ni mkoba wa mtu mmoja na mhuri. Tunavijua vikundi hewa vinavyoundwa wiki moja kabla ya fedha kutoka. Nchini Tanzania mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, baada ya vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa kuzidi.

Lakini dai lenyewe linasema zaidi ya hapo. Linasema kwamba fedha ikipita mikononi mwa wananchi wa kawaida italiwa, na kwa hiyo ni salama zaidi ikipita juu. Ushahidi hausemi hivyo. Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia fedha ambazo serikali ya Uganda ilizitoa kwa shule za msingi kati ya 1991 na 1995. Kwa wastani, asilimia 13 tu ya fedha hizo ndiyo iliyofika shuleni. Nyingine zote ziliishia njiani, mikononi mwa maofisa na wanasiasa wa wilaya, kabla mzazi yeyote hajajua kwamba zilitoka. Kisha serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokelewa. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zikifika. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini tangazo la gazetini na karatasi ya ukutani vilikuwa na sehemu kubwa. Mzazi aliyejua kiasi aliweza kuuliza.

Hapa naomba wanaopenda sana maneno “ushirikishwaji wa wananchi” nao wasikilize. Indonesia, mwaka 2003 na 2004, Benjamin Olken alichunguza ujenzi wa barabara za vijiji zaidi ya 600 vilivyopewa fedha. Wahandisi walichimba mashimo kwenye barabara zilizokamilika, wakapima mawe na mchanga uliomo, wakalinganisha na risiti. Vijiji vilivyoambiwa mapema kwamba hakika vitakaguliwa na wakaguzi wa serikali vilipunguza fedha zilizopotea kwa pointi nane za asilimia. Kuwaalika wananchi wengi zaidi kwenye vikao vya uwajibikaji kulibadilisha kidogo tu. Watu walihudhuria, wakapiga makofi, na mchanga ukaendelea kupungua.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayesema hela italiwa ni hili: italiwa pale ambapo kiasi hakijulikani na ukaguzi haupo, iwe kijijini au wizarani. Na kijijini kuna silaha ambayo wizarani haipo. Nenda ukaangalie kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA au kile cha hisa, siku ya kukutana. Kasha la chuma lina kufuli tatu. Funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti, na anayelala na kasha nyumbani kwake hana hata mmoja. Likifunguliwa, wahesabu fedha wawili wanatia noti kwenye sahani mbele ya wote, wanahesabu kwa sauti, na kabla hawajaendelea katibu anauliza: salio la kikao kilichopita lilikuwa kiasi gani? Wanachama wanajibu kwa kichwa, hata bibi asiyejua kusoma. Salio lisipolingana na kilichomo sahanini, kikao hakisogei. Aliyechelewa analipa faini, na faini nayo inahesabiwa.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi vya namna hii na kuvipa daraja lake, la nne. Mfadhili anayekuja na ruzuku yake akaukuta utaratibu huu, kisha akawaambia waanze upya na fomu zake za kurasa arobaini za lugha ya kigeni, ndiye anayeua ulinzi uliokuwepo. Ripoti inayosomwa na mtu wa mbali tu hailindi kitu. Fedha hulindwa na salio analolijua bibi.

“Mafunzo ya uongozi ni posho na chai”

Mara nyingi ni kweli. Nimekaa kwenye semina za aina hiyo. Ukumbi wa hoteli ya mjini, bango lenye nembo za wafadhili, mkufunzi anayesoma kilichoandikwa ukutani neno kwa neno: sifa kumi za kiongozi bora, aina tatu za uongozi. Saa nne chai na sambusa, saa saba chakula, saa kumi watu wanapanga foleni kusaini karatasi ya posho. Anayerudi kijijini anarudi na kalamu, daftari tupu na cheti. Ukimuuliza alichojifunza atakwambia kiongozi bora ni mvumilivu. Alilijua hilo kabla hajapanda basi.

Kosa la dai hili ni kuichukua semina mbovu na kuiita mafunzo yote. Watafiti waliwagawa wafanyabiashara wadogo 1,500 wa Lomé, Togo, katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifundishwa mambo ya kawaida ya biashara: uhasibu, masoko, mipango. La pili lilifundishwa kujianzia mambo, kuona nafasi kabla ya wengine, kuweka lengo na kulifuata hata linapokwama. La tatu halikufundishwa. Mafunzo yalikuwa ya nusu siku kwa majuma manne, na baada ya hapo wakufunzi waliwafuata wafanyabiashara kwenye shughuli zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science: faida ya waliofundishwa kujianzia mambo ilipanda kwa asilimia 30, na ya waliofundishwa kwa njia ya kawaida ilipanda kwa asilimia 11 tu, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati. Wale ni wafanyabiashara, si vikundi vya kijamii, na sitaki kuuvuta utafiti huo mbali kuliko unavyofika. Unachoonyesha ni kwamba maudhui ya mafunzo yana uzito mkubwa.

Maathai alilijua hilo mapema. Semina za Green Belt zilianza kwa kuwauliza washiriki shida zao. Waliziorodhesha: njaa, maji machafu, ukosefu wa kuni, mmomonyoko. Wakaulizwa nani amezileta. Karibu wote waliitaja serikali. Ndipo Maathai alipowapa mfano wa msafiri aliyepanda basi lisilo lake: kwa nini mtu apande basi la kwenda asikokwenda? Hakuuliza, alidanganywa, aliogopa, au hakujua kusoma bango. Mazungumzo yakahamia kwenye sehemu yao wenyewe, anayekata mti kwenye mteremko bila kupanda mwingine na anayempigia kura yule yule. Hakuna sambusa inayoleta mazungumzo hayo.

Ukiniuliza mafunzo ya uongozi kwa kikundi kidogo yawe na nini, nitataja mambo ambayo hayapendezi kwenye bango. Jinsi ya kuendesha kikao kikaisha na uamuzi. Jinsi ya kuandika muhtasari ambao mtu asiyekuwepo ataelewa. Jinsi ya kusoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya watu hadi waielewe. Jinsi ya kuiandika katiba ya kikundi ili mwenyekiti aweze kuondolewa bila ugomvi. Jinsi ya kutenga fedha ya matengenezo tangu siku ya kwanza, kwa sababu pampu itaharibika. Na yafanyike hapo hapo kijijini, chini ya mwembe au kwenye darasa la shule siku ya Jumamosi, ili mjane mwenye watoto wanne aweze kuhudhuria. Mafunzo yakiwa mjini, anayekwenda ni yule mwenye nafasi ya kwenda, na mara nyingi ni mwenyekiti tena.

“Wanaofaidi ni wakubwa wale wale”

Dai hili lina ushahidi, na wapenzi wa miradi ya jamii hawapendi kuutaja. Sierra Leone baada ya vita, mradi ulioitwa GoBifo ulivipa vijiji 118 vya wilaya za Bombali na Bonthe kama dola 4,700 kila kimoja, pamoja na miezi mingi ya wawezeshaji waliohimiza vijana na wanawake waseme kwenye vikao. Vijiji vingine 118 havikupata. Katherine Casey, Rachel Glennerster na Edward Miguel walipopima, walikuta vijiji vilivyopata vina miundombinu bora na shughuli zaidi za uchumi. Lakini nani huamua, nani husema kikaoni, nani hushirikishwa, hapo hapakubadilika. Mradi ulipokwisha, wazee waliendelea kuamua kama zamani.

Ningekuwa napinga ruzuku ndogo, ningeutumia utafiti huu kila siku. Lakini usome hadi mwisho. Kwanza, miundombinu ilikuwepo, na vijiji vilinufaika. Pili, watafiti hao hao walirudi vijijini na kufanya jaribio jingine: chifu aliombwa ashirikiane na mtu wa kijijini mwenye uwezo, aliyepatikana kwa mtihani mfupi wa maarifa, katika kuandaa ombi la ruzuku. Maombi yakawa bora. Ujuzi ulikuwepo kijijini tangu mwanzo, umekaa kwa mtu ambaye hakuwa na cheo.

Mimi nalisoma hivi. Usitegemee semina ya juma moja ipindue mila ya karne. Lakini ukiweka sharti kwamba daftari la fedha litashikwa na aliye hodari wa hesabu, hata kama ni binti wa miaka ishirini na mbili aliyemaliza kidato cha nne, na mwenyekiti aendelee kuwa mwenyekiti, umeweka uongozi mahali ambapo haukuwepo, bila kumvua mzee heshima yake. Shikamoo inabaki, na daftari linasomeka.

Pia uongozi wa asili si adui wa lazima. Shinyanga, Tanzania, mradi wa Hifadhi Ardhi, HASHI, ulianza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa imegeuka vumbi. Ulisimama juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi, na sheria za ngitili zilisimamiwa na dagashida, yaani baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi, vyombo ambavyo hakuna mfadhili aliyeviunda. Mamia ya maelfu ya hekta yalirejea kuwa na miti. Ule ulikuwa mradi mkubwa wenye fedha za Norway, lakini somo lake kwa miradi midogo liko wazi: uliza kwanza nani anasikilizwa hapa, halafu ndipo utoe fomu.

“Mfadhili akiondoka, kila kitu kinakufa”

Kaskazini mwa Uganda, mwaka 2008, vikundi vya vijana vilivyoandika maombi vilipewa ruzuku ya kujifunza ufundi na kununua vifaa: ushonaji, useremala, uchomeleaji, ususi. Kwa wastani kila mwanakikundi alipata takriban dola 382. Hakukuwa na mtu wa kuwasimamia baada ya hapo. Christopher Blattman na wenzake waliwafuatilia pamoja na vijana walioomba wakakosa. Baada ya miaka minne, kipato cha waliopata kilikuwa juu kwa asilimia 38. Hawakuila fedha, waliifanyia kazi.

Baada ya miaka tisa watafiti wakarudi tena. Kipato cha walioikosa ruzuku kilikuwa kimewafikia wenzao. Waliopata walikuwa bado na mali zaidi na ufundi mikononi, lakini pengo la kipato lilikuwa limezibika. Wapo waliolishangilia hilo kama ushindi dhidi ya ruzuku. Mimi naona miaka kadhaa ambayo kijana wa kaskazini mwa Uganda alikuwa na kipato cha kula vizuri zaidi na kulipa karo. Anayesema miaka hiyo si kitu hajawahi kuisubiri.

Na kule Sierra Leone, watafiti waliporejea zaidi ya miaka kumi baada ya fedha ya kwanza kutoka, bado walikuta tofauti ya miundombinu. Majengo yalikuwa yamesimama. Kwa hiyo dai kwamba kila kitu kinakufa ni la uongo. Vinavyokufa haraka ni vitu viwili ambavyo mfadhili hupenda kuvigharamia na mwananchi hakuviomba: ofisi ya mradi na mshahara wa mratibu.

“Wape mikopo, ruzuku inawalemaza”

Mkopo ni mzuri kwa kazi inayoleta fedha. Mama lishe akikopa akanunua jiko kubwa, mauzo yatalipa jiko. Lakini mtaro wa mtaa hauuzi kitu. Choo cha wasichana shuleni hakina faida ya kugawana mwisho wa mwezi. Kisima cha umma kinaweza kulipia matengenezo yake kwa shilingi hamsini za ndoo, lakini si rahisi kilipie kuchimbwa kwake. Ukilazimisha mkopo kwa kazi za namna hii, ama hazitafanyika, ama masikini wa mtaa watabeba deni la kitu ambacho tajiri wa mtaa naye anakitumia.

Kuhusu kulemaza, angalia mchango unaoambatana na ruzuku nzuri. Wananchi huleta mchanga, mawe, maji na nguvu zao. Wakazi wa mitaa yetu na vijiji vyetu walijenga madarasa kwa harambee na kwa nguvu za wananchi muda mrefu kabla ya neno ruzuku kuzoeleka. Wanachokosa ni saruji, nondo na fundi. Kumpa saruji mtu aliyekwisha kusomba mawe si kumlemaza. Kinacholemaza ni kumwambia asubiri, mwaka baada ya mwaka, hadi mawe yaote majani.

“Hiyo ni kazi ya serikali”

Barabara kuu, hospitali na umeme, ndiyo. Hakuna ruzuku ndogo inayopaswa kumsamehe mbunge au mkurugenzi wajibu wake. Lakini kikundi chenye muhtasari, hesabu safi na mtaro uliozibuliwa ndicho kinachoingia ofisi ya mtendaji wa kata na kusikilizwa. Tanzania, sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na hapo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Sehemu nyingi haisomwi kwa sababu hakuna anayejua kuidai. Aliyejifunza kusoma hesabu za kikundi cha watu 25 atajua pa kuuliza katika hesabu za kijiji.

Tangu 2025 jambo hili limekuwa la haraka. Marekani imefunga au kupunguza sana mifuko yake ya misaada, ikiwemo Wakfu wa Maendeleo wa Afrika, ulioanzishwa na Bunge lao mwaka 1980 mahsusi kwa ajili ya vikundi vidogo vya bara hili. Fedha zilizobaki ni chache, na zitagombaniwa na wenye magari na wataalamu wa kuandika maandiko. Ndiyo maana ninawaomba wanaotoa, iwe halmashauri, kampuni, msikiti, kanisa au Waswahili walioko Muscat na Minneapolis wanaochangia kwao, wafanye mambo manne. Wakipe fedha kikundi kilichokwisha kukutana na kuweka akiba chenyewe. Waitoe kwa awamu, na awamu ya pili ifuate kazi iliyoonekana. Watangaze kiasi mbele ya watu wote, kwa sauti na kwa maandishi ukutani. Na wamrudishe mkufunzi kijijini mara kadhaa baada ya mafunzo, hata kama itabidi hoteli ikose wateja.

Kwako wewe uliye mwanachama wa kikundi, ombi langu ni moja. Kikao kijacho, kabla ya dua ya kufunga, inua mkono uombe salio lisomwe. Likisomwa, liandike. Lisiposomwa, msifunge kikao.